Leso ya mwisho ya Shangazi: tuikate tuwashonee watoto, au tuiweke?

#1 Kivinje_Barani (mwanzisha uzi), 8 Desemba 2025

Hamjambo ndugu zangu. Naandika kutoka Barani, hapa Malindi. Kuna jambo limetugawa nyumbani na Krismasi ndiyo hiyo inabisha hodi. Nimelileta hapa kwa sababu wengi wenu ni watu wa Pwani, mnajua leso, yaani khanga, ni nini.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa fundi wa cherehani. Alizishonea hoteli za huku ufukweni mapazia, vitambaa vya meza na sare za wafanyakazi. Mwaka 1997 mnaukumbuka. Agosti zilizuka vurugu za Likoni, watalii wakaikimbia pwani nzima, kisha mvua za El Niño zikaja kumalizia kilichobaki. Hoteli zikafungwa. Shangazi akakaa miezi cherehani imefunikwa shuka. Desemba ilipoingia tulikuwa watoto saba pale nyumbani, na hapakuwa na nguo mpya ya mtu yeyote. Alichokuwa nacho ni gunia la vipande vya kitambaa cha marekani vilivyobaki kwenye kazi, na mto mmoja wa sufi uliopasuka.

Jioni moja akatandika mkeka, akatuita, akampa kila mtu sindano. Tukashona wanasesere. Sharti lake lilikuwa moja: hujishonei mwenyewe. Unamshonea mwenzako, wala humwambii ni nani. Wanasesere wote wakavikwa hando, lile vazi la marinda la bibi zetu wa Kigiriama, ambalo Shangazi alisikitika kuona limebaki kwa wazee tu. Usiku wa mkesha tukawaweka chini ya tawi la mvinje tulilolichomeka kwenye debe la mchanga. Mwaka uliofuata kazi zilirudi kidogo, angeweza kununua vitu dukani. Hakununua. Akatandika mkeka tena.

Alifanya hivyo mpaka alipofariki, Machi 2013. Aliacha leso kumi na tatu. Krismasi ya mwaka ule hakuna aliyekuwa na moyo wa kutandika mkeka, lakini watoto wa ndugu zangu, waliokuwa wakimwita Hawe, yaani bibi, walikuja na sindano zao mkononi wakauliza tunaanza saa ngapi. Hatukuwa na kitambaa. Nikachukua leso yake moja nikaikata mahando. Tangu hapo kila Krismasi tunakata moja.

Hesabu mnaiona. Kumi na mbili zimekwisha, imebaki moja. Nyekundu, ina maua ya korosho meusi na meupe, jina lake WEMA HAUOZI. Hii ndiyo aliyokuwa akijifunga akiwa jikoni. Dada yetu mkubwa, binti yake wa kwanza, anasema hii isiguswe na mkasi, iwekwe kwenye fremu ya kioo sebuleni. Kaka yangu anasema Shangazi hakuwa mtu wa kuning'iniza vitu ukutani, ikatwe. Mimi niko katikati na kabati lenye leso liko chumbani kwangu.

Watoto mwaka huu ni tisa. Nishaurini.

#2 Binti_Ganda

Pole dada. Mimi nasema usikate, na nitakwambia kwa nini. Mama yangu alipofariki tuligawana nguo zake siku ya hanga (matanga), mimi nikapata leso mbili. Moja niliivaa mpaka ikawa dekio. Nyingine iko kwenye sanduku. Nikiumwa naitoa, naiweka usoni, nairudisha. Hakuna picha inayonifanyia hivyo. Ile niliyoivaa nikaimaliza naijutia hadi leo.

Watoto wanunulieni kitambaa kingine. Hawatajua tofauti.

#3 Kivinje_Barani

Asante dada Ganda, maneno yako yamenigusa. Ila hapo kwenye kutojua tofauti, watoto wanajua. Kila mwaka kabla ya kukata naifungua leso, tunaisoma jina lake kwa sauti, halafu namsimulia kila mtoto Hawe alikuwa akifanya nini amejifunga leso hiyo. Ile ya bluu alikwenda nayo Mambrui kwenye harusi ya jirani. Ile ya njano alimbebea kaka yangu mgongoni mpaka zahanati usiku wa manane. Mpwa wangu wa miaka minane hakumkuta Shangazi duniani, lakini ukimuuliza leso ya njano atakueleza mpaka tochi iliyozimika njiani.

#4 Mtumishi_K

Bwana asifiwe. Naomba kuuliza kwa upendo tu. Vitu vya marehemu, watoto wanakusanywa, anasimuliwa marehemu, usiku wa mkesha. Hii haina harufu ya koma, mizimu ya wazee? Sisi tuliookoka tuwe macho.

#5 Kivinje_Barani

Amina mtumishi. Swali ni la haki, na nyumbani kwetu lilishaulizwa na baba mwenyewe. Babu yetu aliwamwagia koma tembo la mnazi, hilo sifichi. Sisi kwenye mkeka hatumwagi kitu, hatumwombi Shangazi kitu, wala hatumwiti. Tunaomba kwa Mungu kabla ya kushika sindano, tunashona, tunakwenda misa ya mkesha. Kumtaja mtu kwa wema aliotenda si kumwabudu. Kanisa lenyewe linawataja marehemu kila Jumapili.

#6 Mzee_wa_Marafa

Wanangu, kwa kuwa koma wametajwa, niwape na upande wetu. Kigango, ile nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu, hachongewi kila mtu. Huchongewa mtu wa Gohu, chama cha wazee wetu, kwa mti mgumu, kikasimikwa, na kikishasimikwa hakihamishwi. Sasa sikilizeni: hakipakwi dawa wala hakiwekwi ndani. Jua lake, mvua yake, mchwa wake, mpaka kilale chenyewe. Wazee hawakuona vibaya kwisha kwake. Waliona vibaya kuchukuliwa. Vingi viliibwa vikauzwa Ulaya na Marekani wakaviweka ndani ya vioo kama pambo, na mwaka 2007 viwili vilirudishwa kutoka Marekani kwa familia iliyoibiwa huku Kilifi kwa heshima zote. Kwa hiyo binti yangu, mwambie dada yako kioo si lazima kiwe ndiyo heshima. Lakini mwambie polepole. Yeye ndiye aliyezaliwa na huyo mama.

#7 Mlamu_wa_Langoni

Assalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu wa Lamu, Krismasi si sikukuu yangu, ila kushona kwa kumkumbuka mtu nakujua.

Bibi yangu alikuwa akishona kofia, hizi za matobo madogo madogo yanayozungushiwa uzi moja moja. Kofia moja nzuri ilimchukua miezi. Alipofariki aliacha moja nusu. Tukasoma hitma, tukamwombea dua, na kofia ikabaki kwenye kikapu, sindano bado imechomekwa. Dada zangu hawakuthubutu kuigusa karibu mwaka mzima. Kisha mdogo wao akaichukua akaimaliza. Ukiitazama unaona pale mkono wa bibi ulipoishia, matobo yanakuwa makubwa kidogo na hayalingani. Naivaa Ijumaa. Naipenda zaidi upande ule usiolingana.

Sikuambii ukate au usikate. Nakwambia tu kwamba wale dada zangu leo wote wanashona kofia, na isingekuwa ile nusu wasingejua.

#8 Fundi_Maweni

Dada Kivinje, mimi ni fundi. Kabla ya yote niambie leso umeihifadhije? Imekunjwa? Iko kwenye mfuko wa nailoni?

Kama ni ndiyo kwa yote mawili, itoe leo. Leso ni pamba. Huku kwetu hewa ina chumvi na unyevu, nailoni inatoa jasho ndani, pamba inashika ukungu. Na pale kwenye mikunjo uzi unavunjika taratibu kwa miaka bila wewe kujua. Ifungue, ishike mbele ya dirisha mchana, tazama mwanga unapita wapi. Usiifue kwa dawa ya kung'arisha na usiipige pasi kabla hujatazama. Hata kama mtaiweka kwenye fremu, kioo kisigusane na kitambaa na isitazamane na jua, rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kukimbia.

#9 Kivinje_Barani, 13 Desemba

Fundi, nimefanya ulivyosema. Ilikuwa imekunjwa mara nne, kwenye mfuko wa nailoni, miaka kumi na miwili na zaidi. Nilifikiri ndio nilikuwa naitunza.

Niliifungua jana saa nne asubuhi nikaishika dirishani. Mkunjo wa katikati umelika. Mwanga unapita kama kwenye chujio, na sehemu moja yenye urefu wa kiganja uzi umeachana kabisa, nikaona mlango wa jirani kupitia hapo. Kwenye pindo kuna madoa ya kahawia, bila shaka ukungu. Pembeni bado kunasomeka mwandiko mdogo wa kiwandani, Mali ya Abdulla, na karibu yake kuna alama ya moto mviringo, nadhani sufuria ya maharagwe, kwa sababu alikuwa akiepulia sufuria kwa pindo la leso.

Nililia kidogo, siwafichi. Kisha nikampigia dada simu. Nikamwambia, dada, hii leso inaoza tukiitazama. Akanyamaza. Akasema atakuja tarehe 23 aione kwa macho yake.

#10 Mama_Pacha_Doha

Dada Kivinje samahani nakutoa kwenye huzuni. Mimi ni wa Watamu, niko Doha kikazi, watoto wangu wako na mama yangu. Nimesoma uzi huu mara mbili. Naomba utufundishe huyo mwanasesere anashonwaje, nimtumie mama maelezo waanze na watoto. Marehemu kaka yangu alikuwa na mashati ya vitenge mengi, yapo tu.

#11 Kivinje_Barani

Samahani ya nini mama, hili ndilo napenda kuulizwa kuliko yote. Nitakueleza kama Shangazi alivyotufundisha.

Mwili ni marekani, au shuka jeupe lililochakaa, hilo ni laini zaidi kwa mikono ya mtoto. Kunja kitambaa mara mbili, chora kwa makaa umbo la mtu aliyepanua mikono, urefu shibiri na nusu. Kichwa, mikono na miguu vyote kipande kimoja, usihangaike kuviunga. Fanya shingo nene. Kila anayeanza huchora shingo nyembamba, na mwanasesere huinamisha kichwa maisha yake yote.

Piga bandi kwanza kuzunguka ili vitambaa viwili visiteleze. Kisha ndiyo ushone hasa, mshono wa kurudi nyuma: sindano inakwenda hatua mbili, inarudi moja. Mtoto wa miaka sita anaweza bandi. Kurudi nyuma mwache mpaka minane hivi. Acha tundu la vidole vitatu ubavuni. Fumua bandi, pindua ndani nje kwa kijiti butu, polepole kwenye mikono.

Sasa sufi. Siku ya sufi fungeni madirisha, kwa sababu upepo wa kaskazi ukiingia sufi yote itakuwa kwenye nywele na kooni. Toeni mbegu, zile nyeusi kama pilipili manga, zisiachwe hata moja maana panya huzifuata. Jaza miguu kwanza, kidogo kidogo, sindilia kwa kijiti mpaka ukiibonyeza inakurudishia kidole. Ukidhani imejaa, ongeza tena nusu ya kiasi hicho, sufi huwa inalala. Kifuani, kabla ya kuziba, Shangazi alikuwa akiweka karafuu tatu zilizofungwa kwenye kitambaa kidogo. Wangu wa mwaka 1997 hadi leo ukimbana anatoa harufu, hafifu, lakini ipo.

Macho ni mafundo mawili ya uzi mweusi. Mdomo hakuwa akiuweka. Alisema mtoto mwenyewe ndiye atakayemsemesha.

Hando ndilo kazi. Hando halisi la mtu mzima linakula mita nyingi za kitambaa, ndiyo maana linakaa nyongani limefura hivyo na linacheza mwenyewe mtu akitembea. La mwanasesere ni ukanda wa upana kama wa kiganja, na urefu wote wa leso. Pitisha uzi imara ukingoni kwa bandi kubwa kubwa, halafu vuta uzi, kitambaa kijikusanye marinda, mpaka kiingie kiunoni mara mbili. Funga nyuma. Usishonee kwenye mwili, watoto wanapenda kumvua na kumvalisha. Leso moja inatoa mahando kumi.

Kwa mashati ya kaka yako, mgongo wa shati ndio wenye kitambaa kirefu. Na vifungo msitupe, wamsimulie kaka kwa vifungo.

Jambo moja mwambie mama: asiwashonee. Shangazi alikuwa fundi, angeweza kumaliza wanasesere saba kwa siku moja kwa cherehani, na wangekuwa wazuri. Alikaa amekunja mikono mapajani akitazama tunavyojichoma. Mshono ukiwa mbaya alisema fumua, na alikupa muda wa kufumua. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ukali. Sasa naelewa kwamba pale ndipo alipojiweka ndani yetu. Nikishika sindano leo, kidole gumba changu kinakaa kama chake, na kidole gumba cha yule mpwa wangu wa miaka minane kinakaa kama changu.

#12 Mama_Pacha_Doha

Ubarikiwe. Nimeyanakili yote. Hapo kwenye vifungo nimeshindwa kuendelea kusoma kwa dakika kadhaa.

#13 Binti_Ganda

Nimerudi. Jana niliitoa ile leso ya mama nikaishika dirishani kama Fundi alivyosema. Sitaki kueleza. Nimeitundika kwenye kamba ndani ya chumba, haijakunjwa. Dada Kivinje, lile neno langu la kwanza nalirudisha nusu. Nusu nyingine bado naishika.

#14 Kivinje_Barani, 26 Desemba

Heri ya Krismasi kwa wote mnaosherehekea, na salamu kwa Mlamu aliyenitumia ujumbe asubuhi ya jana.

Dada alifika tarehe 23 usiku, mabasi ya kutoka Mombasa yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Hakutaka chai. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaichukua leso, akaishika mbele ya taa. Alikaa kitandani muda mrefu akipitisha kidole kwenye ule mkunjo. Kisha akaitafuta ile alama ya sufuria, akaiona, akasema haikuwa maharagwe. Ilikuwa sufuria ya mahamri, Pasaka, na yeye ndiye aliyemwita mama yake akageuka ghafla mafuta yakamwagika. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kumwambia mtu.

Asubuhi ya mkesha tulitandika mkeka uani chini ya mwembe. Watoto tisa, na wakubwa wanne. Tukaomba. Dada akaifungua leso, watoto wakasoma WEMA HAUOZI kwa sauti, na safari hii msimulizi hakuwa mimi. Aliwasimulia habari ya mafuta. Wale watoto walinyamaza kama wako kanisani. Kisha akaomba mkasi.

Kwanza akakata ukanda wenye jina, ule wa chini wote, akaukunja mapajani. Huu nabaki nao, akasema. Hakuna aliyembishia. Baki ikakatwa mahando. Lakini mkunjo ule uliolika ulipita katikati ya ukanda mmoja, na tulipouvutia uzi ukatoka vipande viwili. Mahando yakawa manane. Aliyebaki bila hando ni mwanasesere aliyeshonwa na mjukuu wa dada mwenyewe, msichana wa miaka saba, mwaka wake wa kwanza kushona mwili mzima peke yake. Shingo nyembamba, bila shaka. Hakulia. Alimkalisha mwanasesere wake uchi kwenye mkeka akaanza kutazama huku na huku kama kuna kipande chochote.

Kaka yangu alitaka kwenda dukani kununua kitambaa. Dada akamwambia kaa. Akaukunjua ule ukanda wa jina, akamwita mtoto, akampa.

Yeye mwenyewe alimfundisha kuvuta uzi. Unapovuta, herufi zinaingia kwenye marinda zinapotea, inabaki W hapa, AU pale, Z nyuma. Lakini ukimzungusha mwanasesere haraka marinda yanafunguka na unayasoma yote kwa mara moja. Mtoto aligundua hilo kabla yetu. Alizungusha jioni nzima.

Jana baada ya misa wakapeana. Yule wa jina alimwendea mvulana wa miaka mitano wa kaka yangu, ambaye alimwingiza kwenye sahani ya pilau kabla hata ya kumaliza kula. Tayari ana doa la mchuzi begani. Dada alitaka kumnyang'anya amfute, kisha akaacha.

Ameondoka leo alfajiri. Kitandani kwangu ameniachia leso yake, ya kijani, ambayo alikuja nayo amejifunga safarini. Hakusema kitu. Nimeitundika kwenye kamba, sikuikunja.